Mbegu Tuliyoinywa

Busia, upande wa Kenya
Jumapili, Februari 2025. Mwaka wa ishirini na tatu tangu nivuke.

Athieno mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuombewa safari, nami nimebaki nyumbani na hasira yangu, kwa hiyo kazi tumegawana. Usitafute baraka humu. Za kutosha utapewa huko. Sitakwambia ubebe nini wala ule wapi, wala usimpe nani namba yako ya simu. Una shahada mbili za takwimu. Kama bado hujui kujikinga na mvua, warudishie shahada zao.

Ninaandika kwa sababu tangu Alhamisi hatusemezani. Nilipiga meza, ukaniambia nina wivu. Huenda ninao. Lakini mtu anaweza kuwa na wivu na bado akawa anasema kweli, na kwa mdomo wewe hunishinda: umesoma juzi, na sauti yako haitetemeki.

Kesho unavuka mpaka kwenda Paya kwetu, upande wa Uganda. Utafanya kazi kwenye mradi wa mbegu za wimbi na kulala nyumbani kwa baba yako mdogo, Owor. Mvua za Machi zikianza, kila nyumba ya Paya itapeleka mbegu yake ya zamani kwa mradi na kupewa mpya, kilo kwa kilo, mbegu iliyochaguliwa kwa kusoma jeni zake. Kazi yako wewe ni ile hesabu inayosema jeni ipi inaandamana na sifa ipi, mmea upi utahimili gugu la kayongo na upi hautahimili. Huyo mkuu wa mradi unayemwita Daktari anasema amekuchagua kwa alama zako za chuo. Mimi nadhani amekuchagua kwa jina lako. Paya haitampa mgeni mbegu yake mara ya pili. Binti wa pale pale watampa, na hasa binti yangu, maana wataona kwamba kama hata mtoto wa Okoth amerudi, basi mambo yamekwisha.

Unakijua kisa hiki. Umekisikia kwa mama yako, ambaye hukipunguza makali kama anavyopunguza pilipili akiwa na wageni. Leo usikie bila kupunguzwa.

Nilikuwa karani wa takwimu kwenye kituo cha utafiti, upande wa Tororo. Adui yetu alikuwa kayongo. Wewe umeisoma vitabuni; mimi nimeing'oa kwa mikono tangu nikiwa na meno ya utoto. Ni gugu lenye maua ya zambarau mazuri kabisa, mazuri hata mgeni angeyachuma apeleke nyumbani. Linaishi kwa kunyonya mizizi ya wimbi chini ya ardhi, na siku unayoliona limechanua, chakula chako limeshakula. Kituo kilikusanya wimbi kutoka Paya kwetu Wapadhola, kutoka Bulumbi kwa Wasamia, kutoka Buteba kwa Wateso, likapandwa lote kwenye shamba moja lililojaa kayongo. Baadhi ya mbegu zilisimama. Nyingi zilikauka. Kisha wataalamu wakatafuta alama ndani ya jeni za zile zilizosimama. Hazikuwa alama nyingi kama zenu za leo. Kwetu zilikuwa chache, na kila moja ilitugharimu jasho. Nikapewa kazi ya kusema ni alama ipi inayofuatana na kusimama.

Ilipatikana moja. Karibu kila mbegu iliyosimama ilikuwa nayo, karibu kila iliyokauka haikuwa nayo. Mkuu wangu aliiona hesabu, akanunulia ofisi nzima soda.

Sasa nisikilize, hata kama unajua. Simama kwenye soko la hapa Busia uhesabu wanunuzi wa samaki. Utaona kwamba watu ambao majina yao yanaanza na O wananunua samaki kuliko wengine. Mjinga atasema herufi O inaleta hamu ya samaki. Mwenye akili atasema majina hayo wanayo zaidi watu wa ziwani na jamaa zao, na watu wa ziwani wamelelewa kwa samaki. Herufi haifanyi kitu. Inatembea tu pamoja na watu. Mimi naitwa Okoth, na samaki, kama unavyojua, hata harufu yake siitaki.

Alama yetu ilikuwa herufi O. Haikuzuia kayongo hata chembe. Ilikuwa ikitembea tu na ukoo fulani wa mbegu, na katika ukoo huo huo, mahali pengine kabisa ndani ya jeni, ndipo kinga ya kweli ilipokuwa imekaa kimya.

Usidhani hatukuonywa. Alikuja mgeni mmoja, mtaalamu wa jeni, akatuambia: zitengeni kwanza mbegu zenu kwa jamaa zake, halafu mtazame kama alama bado ina nguvu ndani ya kila jamaa. Nikazitenga kwa vijiji vidogo vidogo vya kila upande, ambako majirani hugawiana mbegu. Alama ikafa. Ikawa kama taa ya koroboi uliyoipuliza. Nikampelekea mkuu, akaisoma karatasi, akasema kwa upole, kwa maana hakuwa mtu mbaya: "Bwana Okoth, vijiji vimechanganyika mno. Jaribu tena. Tumia kabila la mwenye nyumba."

Nikajaribu tena. Nikapanga mbegu kwa majina ya wanaume: hii ya Owori, Mpadhola, hii ya Wandera, Msamia, hii ya Emojong, Mteso. Alama ikafufuka. Ikasimama katika kila kundi, imara. Mkuu akasema, "Hapo sawa," na hatukujaribu tena.

Unajua ni kwa nini ilisimama? Kwa sababu makundi yale yalikuwa upuuzi. Mbegu haikai kwa mwanamume. Huku kwetu, Paya, Bulumbi, Buteba, pande zote mbili za mpaka, msichana akiolewa anabeba wimbi la mama yake ndani ya kibuyu, na ndilo atakalopanda. Binti akizaliwa, naye atalibeba kwenda kwingine. Mbegu za Bulumbi zilikuwa zimelala Paya kwa jina la Owori, zimelala Buteba kwa jina la Emojong, na mimi nikawa nazihesabu kama wageni waliokutana njiani kwa bahati.

Na jambo hilo nililijua. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Hakuna mtu aliyenificha. Mama yangu mzazi alikuwa Msamia wa Bulumbi, na kila msimu alipokuwa akipanda alisema, "Hii ni ya mama yangu." Nililisikia neno hilo tangu nikitambaa. Kama mtoto wake nililijua; kama karani sikulijua, kwa sababu kwenye ofisi yetu hapakuwa na mahali pa kuliweka.

Wataalamu wakachukua mmea uzaao sana, wakaupandanisha na mmoja wenye alama, wakabakiza watoto wenye alama na kutupa wengine. Ni sawa na kuwakusanya akina Okoth kumi ukawapikia samaki. Kinga ilikuwa imeachwa njiani tangu mpandanisho wa pili. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeipeleka mbegu ile kwenye shamba la mtu, lenye kayongo ya mtu, kabla ya kuigawa. Tulikuwa na tarehe ya kuigawa.

Nikaipeleka Paya mwenyewe. Nilikuwa na pikipiki ya serikali na kofia. Nilitaka nyumbani wawe wa kwanza.

Nyanya yako alikuja asubuhi ile akiwa ameshika kibuyu chake, kile alichoolewa nacho. Aliniuliza, "Okoth, na hii yako ikikataa?"

Nikamwambia, "Mama, haiwezi kukataa. Imehesabiwa."

Akanitazama, akanipa kibuyu.

Unajua Paya walifanya nini na mbegu ya zamani. Hukuambiwa tu jinsi tulivyofurahi. Wimbi kwetu halitupwi. Mtu akishapewa mbegu mpya iliyopimwa na wasomi, ya zamani inabaki na kazi moja. Ikaloweshwa, ikaoteshwa, ikakaushwa, ikasagwa, ikawa pombe ya malwa. Chungu kikawekwa katikati ya ua wa baba yangu, watu wakakizunguka na mirija mirefu, kina mama wakaongeza maji ya moto, na tukavuta tangu mchana mpaka kuku wakapanda kulala. Nilikuwa na mrija wangu. Owor alikuwa kando yangu, kijana wakati huo, ana utani mwingi. Alitoa mrija mdomoni akasema, "Kaka, hii ya zamani haikuwa mbaya. Angalia inavyoaga vizuri." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nyanya yako hakuja kwenye chungu. Alisema anaumwa na kichwa.

Mbegu yangu ilichipua vizuri. Kisha yakaja maua ya zambarau, shamba baada ya shamba, kama sikukuu. Sitakueleza njaa, mradi wako una maneno laini ya kuielezea, na utayajifunza. Nitakueleza watu. Walisema nimeileta kayongo ndani ya magunia. Mbegu ya kayongo ni laini kama vumbi, inaweza kusafiri katika gunia la wimbi na jicho lisiione, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba walikosea. Lakini hawakulisema kwa kuwa walichunguza. Mtu mwenye njaa anatafuta sura ya kuikasirikia, na sura yangu ilikuwa karibu, imevaa kofia ya kituo. Kituo kwa upande wake kilisema karani aliharakisha. Mkuu aliyesema "jaribu tena" alihamishiwa pazuri zaidi.

Walipochoma nyumba yetu, Owor hakushika kiberiti. Namtendea haki hiyo. Alifungua zizi akawatoa ng'ombe wasiungue. Huo ndio msaada nilioupata kwa ndugu yangu wa tumbo moja: aliokoa ng'ombe. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, mgongoni mwa mama yako, na ulilala njia nzima hadi Busia.

Mwaka uliofuata nyanya yako akafa. Kutoka hapa hadi Paya ni mwendo wa bodaboda na sandwichi moja ya mkate na yai ya kula njiani. Unaondoka asubuhi, unafika jua halijawa kali. Walimzika siku ya Jumanne. Habari ililetwa Ijumaa na mfanyabiashara wa vitunguu. Nilimtafuta Owor nikamwuliza kwa nini. Unajua alinijibu nini? "Tuliona tusikupe shida ya kusafiri."

Shida ya kusafiri.

Sasa turudi Alhamisi. Nilikufuata nyuma ulipokwenda kujaribu maswali ya mradi kwa jirani yetu, Mzee Wandera, ambaye si yule wa orodha yangu ya zamani ila ni Msamia vilevile. Nilitaka kukuona kazini; mzazi ana haki hiyo. Ulimwonyesha wimbi lake, ukauliza, "Mzee, hii mbegu ni ya ukoo gani?" Naye akajinyoosha kwenye kiti kama mgombea ubunge.

"Hii ni ya kwetu. Ukoo yetu kabisa, tangu babu."

Ukaandika, ukashukuru, ukaondoka kwenda nyumba ya pili. Mkewe alikuwa pale pale akipepeta, na wewe hukumtupia hata jicho. Ulipofika barabarani akasema bila kuinua kichwa:

"Ukoo yako? Hii mbegu nilibeba kwa kichwa kutoka kwetu Buteba. Wewe ulikuwa na ng'ombe mbili na mdomo."

"Si nilikuoa? Si basi ni yangu?"

"Na zile ng'ombe zako zilienda Buteba, saa hii zinaitwa za nani?"

Wandera akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilirudi nyumbani nikakungoja, na ulipoingia, nikapiga meza.

Ulinijibu bila kupandisha sauti, jambo lililoniudhi zaidi. "Baba, hiyo ni takwimu ya zamani. Siku hizi hatutegemei jina la mwenye nyumba. Tunasoma mbegu yenyewe, alama maelfu kwa maelfu, na mashine inapima undugu wa kila mbegu na kila mbegu nyingine. Mtu anaweza kukosea. Mbegu haikosei."

"Basi kwa nini ulimwuliza?"

"Ni swali la kujaza fomu tu."

Hapo ndipo nikapiga meza mara ya pili, na ukasema lile neno la wivu.

Tangu siku hiyo nimesoma makala yote uliyoniwekea kwenye simu, kwa miwani hii yenye mkono mmoja. Nakiri kwamba umesema kweli. Kosa langu la makabila haliwezi kufanywa tena vile vile. Tungekuwa na mashine hiyo wakati ule, ingemcheka mkuu wangu. Na ule mchoro wenu ni mzuri: nukta zote zimelala chini kama mabanda, kisha panainuka mnara mmoja juu ya jeni moja, na kila mtu anajua pa kutazama. Ningekuwa kijana, ningeutundika ukutani.

Lakini mashine inapima undugu wa mbegu ulizoiletea. Ukikusanya nyumba moja kutoka kila ukoo wa kiume, utaamini umepata mbegu za koo nyingi, kumbe umekusanya mabinti wa akina mama watatu wa Bulumbi. Mashine itauona undugu huo, naam. Itaambiwa iuondoe, nayo itauondoa. Na kwa kuwa kinga dhidi ya kayongo imetembea ndani ya vibuyu vya mabinti hao hao, itaondoka pamoja na undugu, kama mtu anayechuja supu akatupa nyama na mifupa kwa pamoja. Mnara utashuka. Utabaki na mabanda. Hiyo ndiyo mashine ikikwambia kwa uaminifu: sijui.

Siku hiyo Daktari wako atakuja nyuma ya kiti chako. Naye hatakuwa mtu mbaya. Ana tarehe ya kugawa mbegu na watu wanaongoja ripoti. Atasema kwa upole, "Athieno, labda tumesahihisha kupita kiasi. Punguza kidogo. Jaribu tena." Utapunguza, na mnara utainuka, kwa sababu minara huinuka ukiitaka. Ninachokuomba ujiulize wakati huo ni kitu kimoja: kama jibu la kwanza lingempendeza, angekwambia ujaribu tena? Mkuu wangu hakuniambia nijaribu tena baada ya lile la pili.

Najua utasema, basi mzee, tufanyeje, tukae? Sikusema mkae. Mwulize mwanamke. Mwulize, "Mama, ulipoolewa ulikuja na mbegu ya wapi?" Kisha ufuate hiyo mbegu hadi kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake, mpaka ukute mahali ambapo mbegu moja imeishi miongoni mwa jamaa tofauti. Pandanisha inayosimama na inayokauka, uwatazame watoto wao na wajukuu. Hapo undugu hauna pa kukudanganyia, kwa sababu wote ni ndugu, na aliyesimama amesimama kwa kile alichorithi. Halafu peleka kwenye mashamba mabaya, ya watu, si ya kituo. Haya yote unayajua kuliko mimi. Pia unajua yanachukua misimu, na mradi wako hauna misimu.

Mabinti wa Bulumbi hawakuacha kuolewa Paya. Miaka hii yote wamekuwa wakivuka na vibuyu, na ile mbegu tuliyoinywa imerudi kidogo kidogo, bila mtu kuiandika. Imo Paya sasa hivi, kwenye nyumba za watu walionifukuza. Wakiitoa Machi, kilo kwa kilo, na mpya ikakataa, haitarudi tena, kwa sababu safari hii nasikia mradi unakwenda Bulumbi pia. Nao watapika malwa. Wewe utapewa mrija.

Kwa hiyo siku ya kubadilishana, usisimame kwenye mzani. Nenda jikoni kwa wanawake uwaambie kila mmoja abakize kibuyu kimoja, na asimwambie mumewe. Daktari akijua atakufukuza. Kufukuzwa hakuui, nakwambia mimi mwenye uzoefu. Lakini ukinyamaza na wimbi likakataa, hawatachoma nyumba ya Daktari. Watatafuta sura, na safari hii sura ni yako, na baba yako mdogo atafungua zizi.

Unaona nisivyotaka uende. Nimejaribu kuandika sentensi inayosema usiende, nimeikata mara kadhaa. Mtu aliyejenga maisha yake kwa kuwajazia madereva wa malori karatasi za forodha hana sauti ya kumzuia mwanawe aliyesoma. Tena kama si wewe, watampeleka mwingine, asiyejua hata kwamba kuna swali. Basi nenda. Sikutaka kulisema na nimelisema.

Mama yako amekufungia wimbi. Nilimwambia asifunge, huendi kuolewa. Akanijibu, "Binti haondoki kwangu mikono mitupu," na akageuka kuendelea na kazi yake. Ni ile ya mama yake, ya Bulumbi, ambayo amekuwa akiipanda hapa nyuma ya nyumba kila mwaka mbele ya macho yangu, nami nikinywa uji wake bila kusema neno. Ipande kwa Owor, kule bondeni ambako kayongo huchanua kwanza. Ikikauka, niandikie imekauka, sitaki kubembelezwa. Ikisimama, usiiandike kwamba ni ya Paya, wala ya ukoo wangu. Andika jina la mama yako, Nafula, na la mama yake, na mahali.

Pita pia kwenye kaburi la nyanya yako. Sijui liko upande gani wa ua. Utauliza.

Kuhusu ile simu ya Owor ya wiki iliyopita. Ulikuwa umeishika wewe, umeweka sauti kubwa, umesikia mwenyewe. "Okoth, wewe rudi na mtoto. Watu ya hapa walisamehe wewe zamani. Hata mbuzi iko."

"Mbuzi wa nini?"

"Ya kumaliza maneno, kaka."

Nikanyamaza, ukadhani nimelainika. Nilikuwa nikihesabu. Mbuzi akichinjwa, wazee watakula, watasema yamekwisha, na jambo likishakwisha hakuna anayeliuliza tena, wala la mbegu wala la Jumanne ile. Na mimi nikionekana nimekaa pale kwenye kiti, nimeshiba, kila nyumba itampa Daktari kibuyu chake bila kuuliza neno. Sitampa mtu urahisi huo. Afadhali waseme, "Okoth bado ana kinyongo kuhusu mbegu," na mwanamke mmoja asikie, abakize yake.

Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuitetea. Iko nyingine. Paya imenisamehe kwa ajili ya wimbi. Mimi sijawasamehe kwa ajili ya mama yangu, na nimejitazama vizuri miaka yote hii kuona kama ninakaribia. Sikaribii. Mwambie Owor nimesikia habari ya mbuzi. Wakikuuliza nakuja lini, usiwalainishie kama mama yako. Waambie nipo Busia, upande wa Kenya, na kwamba sitarudi.